Deraya za chuma, deraya ya maji

Nawasalimu mlioko Masasi mjini, Ndanda, Lukuledi na Chiwata, na nyinyi wa huko juu, Newala, Kitangari na Mahuta, ambako najua saa hizi ubaridi umeshaanza kupenya madirishani. Sogezeni redio karibu, leo nina hadithi ndefu kidogo.

Kijana mmoja wa Masasi ametuandikia ujumbe. Anasema yeye ni mteja wa kibanda umiza, na siku hizi wanaonyeshwa filamu za wafalme wa Ulaya ya kale, zile zenye farasi na mapanga. Anauliza hivi: lile shati la vipete vya chuma wanalovaa, lilizuia upanga kweli au ni sinema tu? Halafu anaongeza: na kama lilizuia, kwa nini babu zetu hawakuwa nalo, wakaingia Vita vya Maji Maji vifua wazi, wakitegemea maji?

Swali la kwanza nitalijibu kwa raha. La pili limenichoma, maana nimesikia kicheko ndani yake, na kicheko hicho si cha kijana huyu peke yake. Nimekisikia hata kwa watu wazima waliosoma. Basi tutafika huko, lakini tuanze karakanani.

Shati lile ni deraya. Wasomaji wa Biblia wanalijua kama darii. Wataalamu wa mambo ya kale wanasema walioanza kulitengeneza ni Wakelti wa Ulaya, karibu miaka 300 kabla ya Kristo. Warumi wakaliiga na kuwavisha askari wao, na baadaye likaenea Uajemi, Uarabuni na India. Ni vazi la vita lililodumu kwa muda mrefu sana. Mabamba ya chuma mazima mazima, yale yanayomfunika mtu mpaka vidole, yalikuja nyuma sana, karne ya 14 hivi, na hayakukaa miaka mingi kama deraya.

Kazi ya deraya inaanza na waya. Fundi anachukua ufito mwembamba wa chuma, anaupasha moto ulegee, kisha anaupitisha kwenye bamba lenye matundu yanayozidi kupungua, akiuvuta kwa koleo tundu baada ya tundu, mpaka anapata waya wa unene wa milimita moja na kitu. Waya huo anauzungusha kwenye chuma cha mviringo, mizunguko imebanana, kisha anaukata kwa urefu. Kila mzunguko unadondoka ukiwa kipete chenye mdomo wazi. Ncha mbili za kipete anazipandanisha, anazigonga zikae bapa, anazitoboa tundu dogo sana. Kabla hajafunga mdomo, anakipitisha kipete hicho ndani ya vingine vinne. Ndipo anapochomeka ribiti, chembe ya chuma ambayo ikianguka chini huioni tena, anaigonga mara moja, mara mbili, mdomo umefunga. Hicho ni kipete kimoja. Shati zima linataka vipete 20,000, 30,000, mara nyingine zaidi ya hapo.

Siri yote iko kwenye ile ribiti. Kipete kilichobanwa tu mdomo kwa mdomo kinafumuka ncha ya mkuki ikikiingia. Chenye ribiti kinakaza. Na hapa nimwambie kijana wangu ukweli wa sinema: mengi ya mashati anayoyaona kwenye filamu hayana ribiti hata moja. Mengine ni plastiki, mengine ni uzi uliofumwa ukapuliziwa rangi ya fedha ili mwigizaji asichoke.

Maana deraya ya kweli inachosha. Ina uzito wa kilo 10 hivi, nusu ya ile ndoo ya lita 20 ambayo kina mama wa Newala wameipandisha kutoka bondeni kwa vizazi. Tofauti ni kwamba ndoo unaitua. Deraya inaning'inia mabegani kutwa, ndiyo maana wavaaji walifunga mkanda kiunoni ili nyonga zibebe sehemu ya mzigo. Na chini yake lazima uvae koti nene la nguo zilizoshonwa tabaka kwa tabaka, au la manyoya yaliyoshindiliwa, kwa sababu chuma kinazuia makali, hakizuii kishindo. Upanga ukipiga hautakukata, lakini bila koti lile mfupa utavunjika ndani kwa ndani, ngozi ikiwa nzima.

Kwa hiyo jibu la swali la kwanza: ndiyo, lilizuia. Tunaye shahidi mzuri, na ni shahidi wa upande wa adui. Bahauddin ibn Shaddad alikuwa kadhi wa jeshi la Sultani Salahuddin. Mwaka 1191, wakati wapiganaji wa Msalaba wakiteremka pwani ya Palestina kuelekea Arsuf, aliwaona askari wa miguu wa Kizungu wakitembea na mishale imewaganda mwilini, mmoja mpaka kumi, nao hawaachi mstari. Mishale ilipita vipete, ikanasa kwenye koti. Kadhi aliyaandika hayo kwa mshangao wa mtu mwenye haki, hakuona aibu kumsifu adui kwa kile alichokiona.

Lakini miaka minne kabla ya hapo, Julai 1187, watu wa aina hiyo hiyo wenye deraya za aina hiyo hiyo waliangamia Hattin, karibu na ziwa la Galilaya. Salahuddin aliwazuia wasiyafikie maji. Kiangazi cha Palestina, nyasi zimechomwa, moshi machoni, chuma juu ya koti juu ya ngozi. Wengi walikuwa wameshashindwa na kiu kabla upanga haujawafikia. Mtu wa Newala haihitaji hadithi hiyo irudiwe ili aielewe.

Sasa nawageukia wenye vitabu, wa msikitini na wa kanisani, maana deraya imewatembelea nyote wawili. Kwenye Kurani, Nabii Daudi ndiye aliyelainishiwa chuma na Mwenyezi Mungu na kufundishwa kutengeneza deraya, akaamriwa apime vizuri viungo vyake. Kwenye Biblia, Daudi huyo huyo, akiwa kijana wa kuchunga kondoo, anavishwa mavazi ya vita ya mfalme Sauli aende kupigana na Goliathi. Anajaribu kutembea, anashindwa, anavua, anashika kombeo. Kitabu kimoja kinamwonyesha Daudi fundi wa deraya, kingine kinamwonyesha Daudi anayeikataa. Mimi sioni ugomvi hapo. Fundi hodari ndiye anayejua lini kazi yake haifai.

Na deraya ilikuwa mali, ndugu zangu, mali ya kuwekwa rehani. Sayyidna Ali alipotaka kumwoa Bibi Fatima hakuwa na kitu, na deraya yake ndiyo iliyosimama mahali pa mahari. Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie, alipofariki deraya yake ilikuwa rehani kwa Myahudi mmoja kwa ajili ya shayiri ya kulisha nyumba yake. Na katika vita vya Uhud, ambako aliingia na deraya, pigo lilimpata usoni hata vipete vya kofia yake ya chuma vikazama shavuni. Abu Ubaida bin al-Jarrah alivichomoa kwa meno, na meno yake mawili ya mbele yakang'oka. Nawataja hao kwa heshima, na pia kwa sababu ile picha ya vipete shavuni inatuambia jambo ambalo filamu hazisemi: kinga yenyewe ikivunjika inageuka kuwa silaha.

Pwani yetu iliijua deraya kwenye tenzi na kwenye vita pia. Bwana Mwengo wa Pate, kwenye Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728, anawapambanisha mashujaa wa Kiislamu na majeshi ya Herekali wa Rumi, na huko chuma kinang'aa kila upande. Lakini waliokuja hapa na chuma chenyewe vifuani, zamani kabla ya utendi huo, walikuwa Wareno. Julai 1505 Francisco de Almeida alishusha askari wake Kilwa, jirani zetu wa kaskazini hapo, akauteka mji. Mwezi uliofuata akaichoma Mombasa. Wenyeji walikuwa na mishale, mikuki na mawe ya kudondosha kutoka madarini, na mmoja wa wakubwa wa Kireno, Fernando de Sá, alipatwa na mshale ambao haukuwa hata na ncha ya chuma. Almeida mwenyewe alikufa Machi 1510, alipotua kwenye Rasi ya kusini mwa Afrika akielekea kwao. Watu wake waligombana na wenyeji Wakhoikhoi kwa sababu ya ng'ombe, na yeye akauawa pamoja na wenzake zaidi ya 50. Mkuki ulimpata kooni.

Koo. Kila deraya ina mahali inapoishia.

Haya, tupande kwetu. Kwa nini bara ya kusini hapakuwa na deraya? Si kwa sababu ya ujinga wa kufua chuma. Wahunzi walikuwepo, majembe na vichwa vya mishale vilifuliwa huku. Waya pia ulikuwepo: misafara ya Wayao na ya watu wa pwani ilibeba masango, zile nyaya nene za shaba, kama fedha ya safari. Kwa mafundi wa Nuremberg, Ujerumani, waya ulikatwa vipete vya vita; huku ulisokotwa bangili na vikuku. Nadhani huku ndiko ulikopata kazi nzuri zaidi, lakini hayo ni yangu.

Sababu kubwa ni farasi. Deraya ni vazi la mtu anayebebwa, au mtu anayepigana mahali pa wazi, kwa mistari. Huku mbung'o hawakuruhusu farasi. David Livingstone, aliposhukia Mikindani mwaka 1866, alikuja na ngamia na nyati wa kufugwa kutoka India kwa nia, pamoja na mengine, ya kuona kama wanyama hao watamstahimili mbung'o. Wengi walikufa. Na hata kabla ya hapo, kichaka kilishawasimamisha: ilibidi awaajiri Wamakonde wafyeke njia ili ngamia wapite na mizigo yao.

Kichaka hicho ndicho deraya ya kwanza ya watu wa uwanda wa juu. Sisemi kwa ushairi. Wakati watani zetu Wangoni, ambao huku walikuwa wakiitwa Magwangwara, walipokuwa wakishuka na ngao zao za ngozi ya ng'ombe na mikuki mifupi, watu walipanda juu na kujibanza ndani ya msitu mnene wa uwanda, ambako ngao kubwa inanasa na mstari wa vita unakatika. Gharama yake ilikuwa maji. Juu hakuna mto. Ukienda leo Newala ukasimama pale Shimo la Mungu ukatazama bonde la Ruvuma, utaona mteremko ambao wanawake waliushuka na kuupanda kwa ajili ya mtungi mmoja. Watu walipima, wakaona heri kiu na usalama kuliko maji na mateka.

Masasi, iliyokaa chini penye majabali, haikuwa na kinga hiyo. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliwaleta hapo watumwa waliokombolewa, wakajenga kijiji cha misheni. Septemba 1882 Magwangwara wakakivamia, wakachoma, wakachukua watu. Padre Chauncy Maples na wenzake wakahangaika kuwakomboa mateka, na mwaka uliofuata misheni ikahamia Newala kwa Matola, mkuu wa Wayao aliyekuwa na makao huko juu. Unaona? Hata wamisionari walikimbilia kichakani.

Na Machemba, Myao wa Luagala, huko juu kwenye uwanda, aliwasumbua Wajerumani kwa karibu miaka kumi akiwa ndani ya kichaka hicho. Mwaka 1890 alimjibu Wissmann, kamanda wa Wajerumani, kwa barua ya Kiswahili, akamwambia haoni sababu ya kumtii. Alipozidiwa, mwaka 1899, alivuka Ruvuma akaenda zake Msumbiji.

Hapo ndipo tunafika kwenye maji.

Ngoja kwanza niseme jambo moja ambalo wengi hawalifikirii. Watu wa kusini mwaka 1905 walikuwa wanaijua bunduki. Wanaijua sana. Kwa zaidi ya miaka mia biashara ya pembe na watumwa ilikuwa imejaza magobore huku. Tena waliijua tabia ya gobore: unamimina baruti mdomoni, unashindilia, unaweka risasi au kipande chochote cha chuma, unafyatua, mara linalia, mara linatoa moshi tu. Ukishafyatua, adui ana muda wa kukufikia kabla hujashindilia tena. Na baruti ikilowa, imekwisha. Mtu aliyelelewa na silaha ya namna hiyo, ukimwambia kwamba maji yanaishinda bunduki, hujamwambia jambo la kichaa. Umemwambia jambo aliloliona kwa macho yake kila masika, ukalitia nguvu za mizimu.

Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe ndiye aliyeyatoa maji hayo, kwa watu wa Rufiji, Matumbi na wengine. Yalichanganywa na mbegu za mtama na mbarika. Wengine walifunga mabua ya mtama kichwani kama alama. Na yalikuja na masharti: usiibe, usimkaribie mwanamke, wakati wa vita usiangalie nyuma. Julai 1905 watu wa Nandete waling'oa pamba ya serikali, vita vikaanza. Agosti 4 Wajerumani wakamnyonga Kinjikitile pale Mohoro. Haikusaidia kitu, maji yalikuwa yameshasafiri. Mwezi huo huo misheni za Wabenedikto za Nyangao na Lukuledi zilichomwa moto, na kabla mwezi haujaisha misheni ya Masasi nayo ikachomwa, kwa mara ya pili katika maisha ya watu waliokuwa bado hai tangu 1882. Safari hii waliohusika hawakuwa wavamizi wa mbali wenye ngao. Walikuwa majirani wenye maji.

Si kila mtu aliyapokea. Nakaam wa Chiwata alibaki upande wa Wajerumani, na watu wake waliwakabili Maji Maji. Wazee wetu hawakuwa kundi moja la kondoo, kila mmoja alipima kwa mizani yake, na ukoo mmoja ungeweza kuwa na watu pande zote mbili. Nayasema haya polepole kwa sababu majina mengine ya wakati ule bado yana wajukuu wanaotusikiliza jioni hii.

Sasa tazama kilichotokea Mahenge, Agosti 30, 1905. Maelfu ya watu wenye maji waliijongea boma. Ndani ya boma kulikuwa na mabombomu mawili, zile bunduki za rashasha. Gobore lingewapa nafasi. Bombomu halishindiliwi, halisubiri, halijali masika. Waliokuwa mbele walianguka, wa nyuma wakawaruka wakaendelea, mpaka uwanja ukajaa.

Hapo kijana anaweza kuniambia: ndiyo maana nasema, laiti wangekuwa na deraya za chuma.

Basi naomba twende Sudan. Septemba 2, 1898, miaka saba kasoro siku tatu kabla ya Mahenge, jeshi la Khalifa wa Mahdi lilitoka Omdurman likakutana na jeshi la Waingereza na Wamisri chini ya Kitchener kwenye uwanda wa Karari. Sudan ina farasi. Sudan ina uwanda wazi. Na baadhi ya wapanda farasi wake walikuwa bado wana deraya, deraya hasa, za vipete, nyingine za kurithi, nyingine zilizonunuliwa Misri na zilizotengenezwa Ulaya, na koti nene chini yake, kama ilivyokuwa enzi za Salahuddin. Kila kitu ambacho kijana wangu angependa babu zake wawe nacho, wao walikuwa nacho. Wasudani waliokufa siku ile ni kiasi cha 10,000. Wa upande wa Kitchener hawakufika 50. Risasi ya bunduki ile haikutofautisha kifua chenye chuma na kifua chenye kanzu. Tena mahali ilipopita kwenye deraya, ilibeba na vipete vilivyovunjika ikaviingiza mwilini.

Kwa hiyo chuma kilishindwa Karari, na maji yalishindwa Mahenge, na kilichovishinda ni kitu kimoja. Lakini anayekufa na deraya tunamwita shujaa, tunatundika vazi lake makumbusho huko Uingereza. Anayekufa na maji tunamcheka. Mimi sioni haki hapo. Wote wawili walivaa kinga iliyotengenezwa kwa ajili ya silaha ya jana. Na kama ni kupima kinga kwa kazi iliyofanya, maji yalifanya jambo ambalo deraya haikuwahi kufanya popote: yaliwaweka pamoja Wamatumbi, Wangindo, Wamwera, Wapogoro na Wangoni, watu ambao baadhi yao walikuwa wakiibiana watoto miaka ishirini tu kabla. Wale Magwangwara wa ngao za ngozi ya ng'ombe nao waliyapokea. Mtawala wao mmoja, Nkosi Mputa Gama, na wenzake walinyongwa Songea Februari 27, 1906.

Kilichowaua wengi zaidi hakikuwa bombomu wala kitanzi. Wajerumani walichoma maghala na mashamba. Hesabu ya serikali yao ilisema watu 75,000. Wanahistoria wetu wamefika mpaka 250,000 na 300,000, na sehemu kubwa ni njaa. Sijui fundi gani, wa Nuremberg au wa Dameski, angekufulia deraya ya kuzuia hiyo.

Anayetaka kusikia vita hivyo kwa Kiswahili cha watu wa wakati ule atafute utenzi wa Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, ambao mtaalamu wa Kiswahili, Whiteley, aliuchapisha na tafsiri yake mwaka 1957. Alikuwa mtu wa mjini, na huruma yake haiko kwa wapiganaji. Msome ukijua hivyo. Na kuna Mjerumani mmoja, Karl Weule, aliyepita Masasi, Chiwata na Newala mwaka 1906, majivu hayajapoa. Mtaalamu wa mishale ya Kiafrika, huyo. Aliandika kitabu kizima juu ya mishale kabla hajaiona Afrika. Alikuja na mashine ya kunasa sauti kwenye mitungi ya nta, akawarekodi watu wa huku wakiimba. Yaani sauti za Newala zilinaswa miaka mingi kabla redio hii haijazaliwa. Hilo nimeliweka kwa sababu mimi ni mtu wa redio, nivumilieni.

Nirudi kwa kijana. Anaweza kuuliza deraya ziliishia wapi. Hazikuisha. Mwaka 1965 mwanamke mmoja wa Marekani, mkemia Stephanie Kwolek, aligundua nyuzi zilizokuja kuitwa Kevlar, ambazo zikifumwa tabaka nyingi zinaweza kudaka risasi ya bastola. Fulana za polisi zinazozuia risasi zimetokana na hapo. Sasa hapa kuna kichekesho: fulana laini ya namna hiyo inayodaka risasi, ncha ya kisu inaweza kuipenya. Kwa hiyo wanaowatengenezea askari magereza wa Ulaya fulana za kuzuia visu, baadhi yao wamerudi kwenye vipete vya chuma. Na kwenye viwanda vya nyama, mkataji anavaa glavu ya vipete vya chuma cha pua kwenye mkono unaoshika nyama, ili mkono unaoshika kisu usiukate. Kila kipete kinapita ndani ya vinne, kama kwa Wakelti.

Na huku kwetu? Msimu wa kupulizia salfa unakuja. Mwenye mikorosho anajua: ubwiri unga haungoji. Utamkuta baba amebeba mashine mgongoni, injini inanguruma, vumbi la njano linapanda mpaka kwenye vishada vya maua, na usoni amejifunga kipande cha kanga cha mke wake, macho wazi. Ukimwuliza barakoa iko wapi, miwani iko wapi, atakwambia joto. Atakwambia haoni vizuri, anashindwa kupumua, na duka lililo nayo liko mbali. Kila anachosema ni kweli, na kila anachosema kingeweza kusemwa na askari wa Hattin juu ya deraya yake. Jioni anakohoa, macho mekundu, anakunywa maziwa akiamini yanasafisha kifua. Na mama anayebangua korosho nyumbani anapaka mikono majivu au mafuta kabla ya kushika ganda, kwa sababu yale mafuta ya ganda yanababua ngozi. Majivu yanasaidia kiasi, hilo nalikubali. Glavu zinasaidia zaidi, na hazipatikani kila duka.

Kwa hayo ya salfa, wiki ijayo saa kama hii tutakuwa na bwana shamba hapa studio, na nimemwomba aje na barakoa yenyewe, aivae, atueleze inavyokaa usoni na namna ya kusafisha kichujio chake, tena atutajie bei bila kuzunguka. Wenye maswali yatumeni mapema. Kijana wa kibanda umiza, na wewe tuma lako. Sasa twende kwenye taarifa ya habari.